Mafuta ya Kupandia Mlima

Desemba ya 1994 tulirudi Nakuru kwa basi. Tulikuwa tumeondoka nyumbani kwa gari letu wenyewe, Peugeot 504 ile ndefu yenye viti safu tatu, tukaliacha Mariakani nje ya gereji likiwa na tundu kwenye pistoni moja. Nilikuwa na miaka tisa. Ninachokumbuka zaidi si moshi wala ile sauti. Ni magunia mawili ya nazi ambayo mama alikataa katakata kuyaacha, na kondakta aliyetaka yalipiwe nauli kama watu.

Baba alikuwa anabeba abiria kwa hilo gari, Nakuru–Nairobi, kila siku isipokuwa Jumapili. Bila gari hakukuwa na kazi, na bila kazi dada yangu alikaa nyumbani muhula mzima wa kwanza. Halafu kukawa na ile hasara nyingine: baba aliacha kuongea na mjomba, kakake mama. Mjomba ndiye aliyekuwa fundi wetu, na ndiye aliyeigusa kabureta wiki moja kabla ya safari. "Alibadilisha jeti." Kwetu sentensi hiyo ilisemwa vile watu wengine husema, "Aliuza shamba."

Sikujua jeti ni nini, na sikuuliza. Nilikuja kuuliza nikiwa mtu mzima, baada ya kununua gari langu la kwanza, gari dogo kutoka Japani ambalo lilikuwa limeshaendeshwa na mtu nisiyemjua kwa miaka saba. Rafiki yangu alinipa kidude cha Bluetooth cha kuchomeka chini ya usukani, kile kinachosoma mambo ya injini na kuyaleta kwenye simu. Nikawa najichezea nacho. Siku moja tukipanda kutoka Mai Mahiu, watu watano na mizigo, nikakanyaga mafuta hadi mwisho ili nipite lori, na yule aliyekuwa ameshika simu akasema, "Hapa kumebadilika." Mstari mmoja uliokuwa ukisema mzunguko umefungwa ulikuwa sasa unasema mzunguko uko wazi, kwa sababu ya mzigo wa injini.

Kumbe kuna maneno maalum ya jambo hilo. Kwenye kanuni ambazo karibu magari yote ya leo huzitumia kuongea na vifaa vya fundi, kuna namba iliyotengwa kumaanisha hivi: kwa sasa kompyuta haiifuati sensa ya oksijeni, kwa sababu injini inafanya kazi nzito. Nilisoma kuhusu hiyo namba usiku kucha. Nilikuwa natafuta kuelewa gari langu, lakini nikajikuta nasoma habari za Mariakani.

Tuanze na hesabu, kisha niiache. Ili kilo moja ya petroli iungue yote na hewa yote iishe, unahitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Hapo hakuna kinachobaki, si petroli, si oksijeni. Ungedhani injini ingekaa hapo siku zote. Lakini ndani ya silinda mambo hayachanganyiki vizuri kama kwenye karatasi, na kitu kinachopungua siku zote ni hewa, si mafuta. Ukitaka kila chembe ya oksijeni ipate mwenzake, unazidisha mafuta kidogo. Nguvu nyingi kabisa hupatikana mahali karibu na 12.5 au 13 za hewa kwa moja ya mafuta. Mafundi huuita mchanganyiko huo mzito. Ukipunguza mafuta, unakuwa mwepesi.

Sababu ya pili ndiyo iliyonigusa. Injini ikibeba mzigo mkubwa, joto na shinikizo ndani ya silinda hupanda hadi mchanganyiko uliobaki unajilipukia wenyewe kabla moto haujaufikia. Hiyo ndiyo sauti tunayoisikia tukisema injini inagonga. Ikigonga kwa muda mrefu, pistoni, ambayo ni alumini, huanza kulika kama mshumaa. Petroli ya ziada huzuia hayo. Inapogeuka kuwa mvuke inachukua joto, na kwa kuwa haipati oksijeni ya kutosha, sehemu yake inaungua nusu tu na kutoa joto kidogo. Yaani unamwaga mafuta ndani ya moto ili kuupoza. Linasikika kama jambo la kichaa, lakini injini za petroli zimetegemea hilo kwa miongo mingi.

Marubani walilijua kabla yetu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia petroli ya ndege iliandikwa kwa namba mbili, mfano 100/130. Ni petroli ile ile. Namba ya kwanza ilionyesha uwezo wake wa kuzuia kugonga kwenye mchanganyiko mwepesi, ndege ikisafiri kwa utulivu. Ya pili kwenye mchanganyiko mzito, wakati wa kupaa. Pengo kati ya namba hizo mbili ndilo lililomwezesha rubani kuinua ndege iliyojaa mabomu bila kuyeyusha injini.

Kwenye magari kazi hiyo ilifanywa na kabureta, na kabureta haikuwa jinga. Nyingi zilikuwa na vali ndogo ya nguvu iliyoshikiliwa na mvuto wa hewa wa injini. Ukiendesha polepole, kile kipepeo cha hewa kimefunga nusu, injini inavuta kwa nguvu na vali inabaki imefungwa. Ukikanyaga hadi mwisho, kipepeo kinafunguka, mvuto unaisha, springi inasukuma, na mlango wa pili wa mafuta unafunguka. Hakuna waya hata mmoja hapo. Springi na mvuto tu, na tayari kifaa kinajua kwamba umefika mlimani.

Ambacho haikukijua ni mwinuko wa nchi. Kabureta hupima hewa kwa ujazo wake, haijui uzito wake. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya tano. Kabureta iliyopangwa usawa wa bahari, ukiipeleka Nakuru, inatoa mafuta yanayozidi kwa karibu asilimia 10. Gari linanuka petroli, plagi zinakuwa nyeusi, na tangi linaisha mapema. Fundi mzuri wa Nakuru anafanya nini? Anaweka jeti, ile pua ndogo ya shaba yenye tundu la kupitisha petroli, iliyo ndogo zaidi. Ni jambo la busara. Shida ni pale gari hilo hilo linaposhuka Mombasa, kwenye hewa nzito na joto la Desemba, kisha linapakiwa watu tisa na magunia mawili ya nazi na kuelekezwa kwenye mlima wa Mazeras.

Niligundua hilo saa tisa usiku nikiwa nimekaa kitandani. Nilitaka kumpigia mtu simu, sikujua nani.

Lakini ngoja nimalize historia, kwa sababu ina utamu wake.

Watu wengi hudhani kompyuta ndiyo ilileta wazo la kuwa na jibu tofauti kwa kila hali ya injini. Si kweli. Pampu za Kugelfischer za Ujerumani, zilizotumika kwenye baadhi ya Peugeot na BMW za miaka ya 60 na 70, zilikuwa na kipande cha chuma chenye umbo la koni lililobonyea huku na kule. Kilizunguka na kusogea kufuatana na kasi ya injini na mahali ulipokanyaga, na kidole cha chuma kikagusa uso wake ili kujua mafuta kiasi gani yapigwe. Vile vibonde na vilima kwenye koni ndivyo vilivyokuwa jedwali. Mtu alikaa akaichonga kwenye chuma hali ya "hapa mzigo ni mzito, ongeza". Mwaka wa 1975 Ove Andersson alishinda Safari Rally kwa 504 ya mafuta ya kupigwa namna hiyo. Wazee wa kwetu bado wanalitaja gari hilo kwa sauti ya chini, kama mtu aliyefariki.

Wamarekani walikuwa wamejaribu umeme mapema zaidi. Kampuni ya Bendix ilitoa mfumo wake, Electrojector, mwishoni mwa miaka ya 50, ukawekwa kwenye magari machache ya Chrysler ya 1958. Ulisumbua sana, na mengi ya magari hayo yakarudishiwa kabureta. Bosch ya Ujerumani ilitumia hati miliki za Bendix, na 1967 ikatoa D-Jetronic, iliyoanza kwenye Volkswagen 1600 za soko la Marekani. Herufi D ni ya neno la Kijerumani la shinikizo. Kompyuta yake haikuwa na programu wala kumbukumbu. Ilikuwa kisanduku cha transista kilichogeuza shinikizo la hewa kwenye manifoldi kuwa muda wa kufungua sindano za mafuta. Na mlimani je? Ndani ya sensa ya shinikizo ya matoleo yaliyofuata waliweka kiwambo chembamba kilichosogea pale shinikizo la ndani lilipokaribia la nje, yaani umekanyaga hadi mwisho. Kikisogea, mafuta yanaongezwa. Ukiangalia vizuri, ni ile vali ya kabureta imevaa suti.

Mabadiliko ya kweli yalikuja na moshi. Los Angeles ilikuwa inakohoa, na sheria ya hewa safi ya 1970 ikawabana watengenezaji. Jibu lao kubwa lilikuwa katalisti, ile chujio ya moshi yenye platini na wenzake, lakini aina inayosafisha gesi tatu kwa pamoja ina masharti kama bibi harusi: mchanganyiko lazima ukae hapo hapo kwenye 14.7, ukiyumba kidogo tu huku na huku. Hakuna springi inayoweza hivyo. Ndipo Volvo, kwenye magari ya modeli ya 1977 yaliyouzwa California, ikaweka sensa ya oksijeni ya Bosch ndani ya bomba la moshi. Sasa injini ilinusa moshi wake yenyewe na kujirekebisha mara nyingi kwa dakika. Huo ndio mzunguko uliofungwa. Miaka miwili baadaye, 1979, Motronic ya Bosch ikaingia kwenye BMW 732i ikiwa ya kidijitali, mafuta na cheche vikisimamiwa na kompyuta moja yenye majedwali kwenye kumbukumbu. Ile koni ya chuma ikawa namba.

Ila sensa hizo za mwanzo zilijua maneno mawili tu, mzito na mwepesi. Haziwezi kukuambia mzito kiasi gani. Kwa hiyo ukikanyaga hadi mwisho na injini ikahitaji 12.5, sensa haina msaada. Itapiga kelele "mzito, mzito" na ukiisikiliza utaua pistoni. Kompyuta inafanya jambo la pekee linalowezekana. Inaacha kuisikiliza. Inapima hewa inayoingia, inaangalia kasi ya injini na mguu wako ulipo, inaenda kwenye jedwali, inasoma mafuta yaliyoandikwa na mhandisi aliyefanya majaribio miaka mingi iliyopita, na kuyapiga. Kompyuta zingine husubiri sekunde chache kwanza, zikitumaini utaachia. Zingine hukadiria joto la bomba la moshi na kuongeza mafuta taratibu kadiri unavyoendelea kung'ang'ana. Na katalisti, kwa dakika hizo, haina oksijeni ya kufanyia kazi. Kaboni monoksidi inapita karibu kama ilivyo.

Kwa nini sheria iliruhusu? Kwa sababu mtihani haukuwa na mlima. Magari ya Marekani yalipimwa juu ya mashine ya kuzungusha magurudumu, kwa ratiba iliyotokana na njia moja ya Los Angeles. Mwendo wa juu kabisa ulikuwa kilomita 91 kwa saa, wastani karibu 31, na uongezaji kasi uliwekewa kikomo kwa sababu mashine za wakati huo hazikuweza zaidi. Kiyoyozi kilikuwa kimezimwa. Kila mhandisi alijua mtihani unaishia wapi. Nje ya hapo alikuwa huru kumwaga mafuta atakavyo.

Mwaka wa 1995 jambo hilo lilifika kwa wanasheria. Serikali ya Marekani ilidai kwamba General Motors iliweka chipu kwenye Cadillac karibu 470,000 za modeli za 1991 hadi 1995 zenye injini ya lita 4.9. Injini hizo zilikuwa zikizimika kiyoyozi kikiwashwa. Chipu ikaongeza mafuta kila kiyoyozi kilipofanya kazi, na kuzimika kukaisha, lakini kaboni monoksidi ikapita kiwango cha sheria. Kampuni haikukubaliana na tafsiri ya serikali, ila ilikubali makubaliano ya karibu dola milioni 45, pamoja na kuyaita magari hayo yarekebishwe. Mwaka uliofuata mtihani wenyewe ukaongezwa, na magari yakaanza kuufanya kwa awamu kuanzia modeli za 2000: sehemu moja ya kukanyaga kwa nguvu hadi kilomita 129 kwa saa, na nyingine yenye kiyoyozi. Kanuni zikasema pia kwamba mchanganyiko usizidi ule mwepesi kabisa unaotoa nguvu kamili, na ruhusa ya asilimia 6 juu yake, ila pale inapobidi kulinda vyuma vya injini.

Hiyo "ila" mimi naielewa. Niliiona Mariakani.

Na gari langu? Magari mengi tunayoagiza kutoka Japani ya kizazi chake yalipimwa kwa ratiba ya Kijapani iliyokuwa ya upole zaidi, ile iliyoanza 1991, ambapo mwendo wa juu ni kilomita 70 kwa saa na wastani haufiki 23. Hayo ndiyo yaliyofanyiwa mtihani wa kuendea dukani, kisha yakaja kupanda Mai Mahiu na watu watano. Halafu baadhi yetu tunawapa mafundi katalisti waiuze. Sitalizungumzia hilo, nitakasirika bure.

Mwezi wa Agosti nilienda Nakuru kumwona mjomba. Amezeeka, mkono wa kulia unamtetemeka, lakini bado anakaa kwenye kile kibanda na vijana wawili. Nilimwonyesha simu. Nikamweleza habari za jedwali, na sensa, na mzunguko uliofunguka. Alisikiliza vile wazee husikiliza, macho kwenye kitu kingine.

"Kwa hivyo hii kompyuta ikifika mlima inaongeza jeti," akasema.

"Ndiyo, mjomba. Na ikishuka Mombasa inajua hewa imekuwa nzito. Inapima yenyewe."

"Hiyo ni poa."

Nikamwambia nilivyofikiri: kwamba jeti yake ilikuwa sawa kwa Nakuru, na kosa lilikuwa ni Mazeras. Nilidhani namletea msamaha. Akafuta mikono kwa kitambaa, polepole.

"Ile ya kwanza niliweka ilikuwa sawa hata kwa Mombasa. Nilikuwa nimeacha nafasi kidogo," akasema. "Babako ndiye alirudi. Ule mwaka serikali iliacha mambo ya kupanga bei ya petroli, unakumbuka? Hapana, ulikuwa mtoto. Akaniambia, shemeji, hii gari inakula, punguza tena. Nikamwambia usiende nayo coast. Akasema haendi."

"Hukuwahi kusema."

"Ningemwambia nani? Mamako?"

Tulitoka na gari langu, mimi na yeye, tukapanda barabara ya kuelekea Menengai. Nilimpa simu aishike. Nilipokanyaga hadi mwisho, mstari ukabadilika, na akacheka kama mtoto, akaniambia niachie kisha nikanyage tena. Tulirudia mara nne. Nikamwomba arekodi skrini, akarekodi, na sauti yake ikasikika wazi kwenye video ikisema, "Sasa, sasa, imefungua!"

Nilimtumia baba usiku huo. Alama mbili za bluu zilitokea upesi. Akakaa kimya karibu saa nzima, kisha akaandika: "Hiyo gari inakula kiasi gani?" Na baadaye kidogo: "Huyo ni mjomba wako? Mkono wake unaendeleaje?"